Simu Isiyoganda

Simu mpya ilipotangazwa kwamba inakuja, Redempta aliiandalia mahali kama watu wanavyomwandalia mgeni wa heshima. Alipaka udongo mweupe ukuta wa sebuleni, kwa sababu Kasmir fundi simu alimwambia sura ya mtu huonekana vizuri ukuta wa nyuma ukiwa mweupe. Alihamisha kabati la vyombo lililokuwa linaziba dirisha. Alimwomba mama yake, bibi Marsiana, afume kitambaa cha kuifunikia isiingie vumbi, na bibi Marsiana, ambaye vidole vyake vilikuwa bado havijasahau kroshia, akafuma cha njano chenye maua pembeni. Jirani yao Angela alipita akachungulia, akauliza kama hiyo simu itachinjiwa hata kuku. Kijiji kizima cha Mwimbi kilicheka.

Wacha wacheke. Redempta alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo hakumwambia mtu.

Aliyeituma ni kaka yake mkubwa, Christopha, mwenye kazi ya ofisini Dar es Salaam. Huyo kabla hajaitia simu kwenye basi alikuwa ameshalipiga picha boksi lake na kuitundika kwenye kundi la ukoo, na chini ya picha akaandika kwamba mama ni mmoja tu. Basi sifa zikamiminika. Hongera mwana wa kweli, Mungu akuzidishie, ndiyo maana ya kusomesha. Dada yao Herieth, wa Mwanza, akaandika kwamba sasa hakuna haja ya kuhangaika na safari za Krismasi, mama tutamwona kila Jumapili kwenye kioo. Watu wakaweka vidole gumba. Redempta aliyasoma hayo kwenye simu yake ya zamani yenye ufa katikati, ufa uliokuwa unameza neno moja katika kila mstari. Wao walikuwa wanazungumzia kuonana. Yeye alikuwa anataka jambo moja tu, simu isiyoganda.

Maana ile ya zamani ilikuwa imemponza, na imemponza vibaya.

Miaka mitatu nyuma, katikati ya masika, baba yao mzee Isdori alilala kitandani akawa anavuta pumzi kwa shida. Siku hizo mtandao Mwimbi ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi, basi Redempta alipanda pale mvua ikimnyea, akampigia Christopha simu ya video ili aamini, kwa kuwa Christopha alikuwa na tabia ya kusema kina mama wanatia chumvi. Sura ya kaka ikatokea, imekatikakatika. Redempta akamwambia hali ya mzee si nzuri, anamwita yeye kwa jina, aje hata leo. Hapo hapo picha ikaganda. Christopha akabaki kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, mkono hewani, hasemi wala hapepesi. Redempta akaita halo, halo, mpaka koo likamuuma. Alichosikia kutoka upande wa pili ni mtangazaji wa mpira akipiga kelele goli, goli, na watu wakishangilia. Kisha simu ikakatika, na kila alipopiga tena haikupatikana.

Mzee hakuifikia Jumapili. Christopha alifika watu wameshatoka makaburini, amevaa miwani ya jua kwenye ukungu wa Ufipa, akasimama mbele ya waombolezaji akasema, huku sauti ikikatika, kwamba angeambiwa mapema angempeleka baba hospitali kubwa, lakini hakuna aliyemwambia. Macho yote yakamgeukia Redempta. Baba mdogo Polikarp alimkaripia hadharani, akamuuliza ni binti wa namna gani anayeshindwa kumtafuta kaka yake baba akiwa anakata roho. Redempta alijaribu kueleza habari ya kichuguu na kuganda kwa simu, na watu wakatazamana. Mwisho alipiga magoti, akapiga makofi yale ya taratibu yanayopigwa mbele ya wazee, akaomba msamaha. Mama yake alikuwa palepale kwenye mkeka, na mama yake hakunyanyua uso kumtazama. Hilo lilimuuma kuliko makaripio yote.

Tangu siku ile aliichukia ile simu kama mtu mbaya. Lawama yote aliyobebeshwa aliichukua akaitupia simu, kwa sababu asingeitupia simu angemtupia nani?

Sasa kulikuwa na jambo jingine, na hili lilikuwa lake mwenyewe. Redempta alikuwa ameshavuka ule umri ambao watu humwuliza mwanamke ataolewa lini. Siku hizi walimwuliza tu mama kaamkaje. Lakini huko bondeni Mtowisa kulikuwa na mgane mmoja, Romani, mkulima wa mpunga, mtu wa sauti ya chini, ambaye alikuwa akipanda mlima na magunia yake kuja mnadani na kurudi nyumbani akiwa amechelewa kwa sababu ya mazungumzo na Redempta. Romani alitaka kuoa. Wazee wake walikuwa tayari kuleta jembe, maana katika ukoo wa akina Redempta posa bila jembe ni porojo, na jembe hilo hupokelewa na mwenye nafasi ya baba. Mwenye nafasi ya baba ni Christopha. Baba mdogo Polikarp alisema yeye hawezi kumruka mwenye nyumba akiwa hai.

Na nyuma ya jembe kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza kwa sauti. Redempta akiondoka, mama atakaa na nani? Kumfuata binti Mtowisa, bibi Marsiana alikataa katakata. Alisema bonde lile lina joto la kumkausha mtu kama samaki, lakini hiyo haikuwa sababu yenyewe. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba yeye ana mwana wa kiume, na mama mwenye mwana wa kiume hawezi kwenda kula kwa mkwe kama asiye na mtu. Alilisema hilo akiwa amenyoosha shingo. Basi ilibidi Christopha amchukue mama, au amlete mtu wa kukaa naye, au angalau afungue mdomo aseme neno.

Mara nyingi Redempta alimfikishia kaka yake jambo hilo kwa ile simu yenye ufa, na kila alipofika kwenye neno jembe, picha iliganda. Romani alishapanda mara mbili kuuliza jibu akarudi mikono mitupu. Mara ya mwisho alisema, bila ugomvi wowote, kwamba mpunga ukishaingia ghalani naye atahitaji kujua kama anangoja au anaacha. Mpunga ulikuwa umeshaanza kukatwa.

Ndiyo maana ya ukuta mweupe. Ndiyo maana ya kitambaa.

Simu ilipofika kwa basi, Redempta aliamka na giza akaenda Sumbawanga kuipokea, kisha moja kwa moja mtaa wa Milanzi, kibandani kwa Kasmir. Kasmir alikata laini yake ikawa ndogo ya kuingia, akahamisha majina na picha, akamwambia aweke kidole simu imtambue. Simu ikamkataa. Akajaribu kidole gumba, ikakataa, akajaribu mkono wa kushoto, ikakataa vilevile. Kasmir alimgeuza viganja akavitazama akacheka kidogo, akasema jembe limeshafuta alama zote, hapa tutatumia sura.

Kisha fundi akakunja uso. Simu, alisema, ni mpya lakini imekuja na mfumo wa zamani. Kuna mfumo mpya umetoka, ni lazima ushushwe kwanza, na utachukua muda. Redempta aliuliza bila huo itakuwaje. Kasmir alisema itafanya kazi, ila yeye hamhakikishii kitu, picha inaweza kukwamakwama. Neno hilo lilitosha. Redempta akakaa kwenye benchi, akanunua muhindi wa kuchoma, akaitazama ile duara ndogo ikizunguka kwenye kioo kama mtu anayekaa na mgonjwa. Wateja walikuja wakaondoka. Ikazima yenyewe, akashtuka, ikawaka yenyewe, akapumua. Jua lilikuwa limeshapinda ilipomaliza na kumsalimia kwa Kiswahili safi.

"Haitaganda?" aliuliza.

Kasmir alimwambia haitaganda, kuna mnara mpya karibu na kwao na mfumo ndio huo wa kisasa kabisa.

"Una uhakika haitaganda?"

"Dada, hii ikiganda, jua tatizo liko upande wa pili."

Redempta alilisikia hilo, akawaza nyaya za Dar es Salaam, akaomba Mungu azishikilie.

Jumapili baada ya misa bibi Marsiana alivaa kitenge chake cha Pasaka na sweta juu, akaketi mbele ya ukuta mweupe. Redempta aliisimamisha simu mezani, ameiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, kitambaa cha njano kikiwa kimekunjwa pembeni. Angela jirani alitaka kuingia kushangaa, akaombwa kwa upole arudi baadaye. Siku ile Redempta hakuhitaji shahidi. Kama angejua, angemwita akae mbele kabisa.

Simu ikaita. Herieth akatokea chini ya kioo, Christopha juu, na jamani picha ilikuwa safi mpaka inatisha. Uzi uliochomoza kwenye kola ya kaka ulionekana. Jasho juu ya pua lilionekana. Bibi Marsiana aliziba mdomo kwa kiganja, akacheka, machozi yakamtoka, akasema baba, umenenepa. Wakasalimiana wote, Redempta akampa kaka yake shikamoo, wakaulizana habari za mahindi, za watoto, za kifua cha mama. Kisha bibi Marsiana akauliza ni kitu gani kile kinachozunguka juu ya kichwa cha mwanawe, kisije kikamwangukia.

Christopha akaangua kicheko, akaeleza kwamba hilo ni pangaboi, huku Dar bila hilo mtu unaiva mzima mzima. Mama akamwonea huruma. Mwimbi mtu anayetaka upepo hufungua mlango tu, na akishaufungua hujuta.

Ilikuwa furaha ya kweli, haifai kuikataa. Hata Redempta alijisahau kidogo. Alingoja vicheko vitulie, akavuta pumzi, akapiga moyo konde.

"Kaka, nina jambo," alisema. "Wazee wa Romani wanataka kuleta jembe. Tunakungoja wewe. Na tukishalipokea, itabidi tuseme mama atakaa na nani."

Herieth alikuwa wa kwanza. Alisema halo, halo, jamani mimi siwasikii, na upande wake ukawa mweusi. Christopha alikuwa ameunyoosha mkono kuchukua kikombe. Mkono ukabaki pale pale hewani, vidole vimeachana, mdomo wazi kidogo, macho yametazama mahali pamoja. Alikuwa ameganda, sawasawa na siku ile ya kichuguuni.

Redempta aliinama juu ya kioo. Hata hii? Baada ya ukuta, baada ya mfumo mpya, baada ya siku nzima Milanzi? Alinyoosha mkono aitikise kama alivyokuwa akiitikisa ile ya zamani, na hapo mama yake akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza tu:

"Mbona lile linazunguka?"

Redempta akatazama. Pangaboi lilikuwa linakwenda, raundi kwa raundi, wala halina habari. Pazia la nyuma ya kaka yake lilikuwa linapepea. Wifi yake, mke wa Christopha, alipita na beseni la nguo, akamtazama mumewe, akaendelea na safari yake kama mtu aliyeshayazoea. Tone la jasho lilimtoka Christopha kwenye paji la uso, likashuka shavuni taratibu, likafika kidevuni, na yeye akaliacha lishuke. Kisha akapepesa jicho, haraka, kama mwizi.

Amejikausha. Kaka yake, baba wa watoto, mtu wa ofisini, amejikausha kama mtoto anayecheza kombolela.

Hapo ndipo Redempta aliposikia tena, waziwazi, yule mtangazaji wa mpira. Goli, goli. Miaka mitatu sauti ile ilikuwa kichwani mwake na hakuwahi kuiuliza ilitoka wapi. Simu iliyoganda haitangazi mpira. Siku ile hakuna kitu kilichokuwa kimeganda isipokuwa mtu, na mtu huyo alikuwa amesikia kila neno, la baba anakuita, la njoo hata leo, yote. Alitaka kupiga yowe. Alitaka kuivunja simu, na simu haikuwa na kosa, hata ile ya kwanza masikini haikuwa na kosa.

Hakupiga yowe. Alivuta kigoda akakaa mbele ya kioo, uso kwa uso.

"Basi kaka, kaa hivyo hivyo," alisema. "Kwa kuwa umeganda, hutanikatisha. Siku ya baba nilisimama kwenye kichuguu mvua inaninyea, wewe unaangalia mpira. Niliporudi ndani, baba aliniuliza umesemaje. Nikamwambia umesema uko njiani. Nilimdanganya, kaka. Akaniambia nikuwekee kiti pale mlangoni, ili ukiingia akuone vizuri. Nikakiweka. Kilikaa pale mpaka tulipokiondoa ili jeneza lipite."

Mkono wa Christopha ulikuwa umeanza kutetemeka kwa kuchoka. Hakuushusha.

"Halafu ukaja ukasema hukuambiwa, na mimi nikapiga magoti. Nimeyabeba hayo miaka yote nikidhani ni simu. Sasa jembe la Romani linakuja. Kama una neno kuhusu jembe, sema. Kama una neno kuhusu mama, sema. Mama yuko hapa, anakutazama."

Pangaboi lilizunguka. Christopha alikuwa anatazama pembeni ya kikombe, mahali pasipo na mtu.

Hasira ilikuwa imemfanya Redempta kiziwi, na ni sasa tu alipokumbuka kwamba mama yake alikuwa anasikia. Habari ya kiti mlangoni aliijua, alikuwapo. Habari ya uongo hakuijua. Yeye naye alikuwa amemngoja mwanawe pale mlangoni. Redempta aligeuka akamkuta ameinama karibu kabisa na kioo, anamtazama Christopha jinsi mama anavyomtazama mtoto anayejifanya amelala, ila hakuwa anacheka. Shingo ile iliyokuwa imenyooka tangu asubuhi kwa ajili ya mwana wa kiume ilikuwa imeshuka ndani ya sweta. Redempta aliona uchungu wa kumshinda. Alikuwa amejisafisha, ndiyo, lakini kwa kumvua mama yake kitu pekee alichokuwa akijivunia.

Bibi Marsiana alirudi nyuma akaketi vizuri. Kisha akaushika mkono wa binti yake, ule ambao simu iliukataa, akausugua kwa kidole chake.

"Jembe nitalipokea mimi," alisema. "Na ukienda Mtowisa, tutakwenda wote wawili. Nilikuwa nasema nina mwana."

Neno lilikuwa bado halijatua vizuri, na mtandao wa Dar es Salaam ukarudi. Mkono wa Christopha ukashuka, ukachukua kikombe. Kifua kikapanda kikashuka kama cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Akafuta jasho, akatabasamu. Na Herieth naye, kumbe hakuwa mbali, upande wake ukawaka.

"Halo? Halo? Mnanisikia?" alisema Christopha. "Jamani mtandao wa huko kwenu bado ni shida. Umekatika hapo katikati. Rede, ulikuwa unasemaje?"

Redempta alimtazama. Maneno yote yalikuwa yameshasemwa na yameshasikiwa, na hakuna hata moja ambalo angelipata tena mkononi.

"Nilikuwa nasema simu ni nzuri sana, kaka," alisema. "Asante. Inaonyesha mpaka pangaboi."

Christopha alifungua mdomo. Safari hii hakuganda. Macho yake yakapanda juu, yakaliona pangaboi, yakarudi chini. Bibi Marsiana alikichukua kitambaa cha njano, akakikunjua, akavinyoosha vile vimaua vya pembeni kimoja kimoja, akamfunika nacho mwanawe. Kisha akainuka kwenda kuchochea moto, kwa maana baridi ilikuwa imeanza kuingia. Chini ya kitambaa Christopha aliendelea kuita halo, mama, halo, na siku ile mtandao haukukatika hata kidogo.